Msaada jamani: uvimbe wa mifupa kwenye eksirei mnausomaje bila kukariri majina hamsini?

md4_dar ameandika:

Shikamooni madaktari, na wengine wote habari zenu. Niko mwaka wa nne, rotesheni ya mifupa, na hii mada ya uvimbe wa mifupa inanitesa kwelikweli. Jedwali la umri, mahali na jina nimelikariri lote ila nikisimamishwa mbele ya picha majina manne yanakuja kwa pamoja na sijui lipi nilitupe.

Mfano juzi kwenye raundi tulionyeshwa eksirei ya kijana wa miaka 15, goti limevimba miezi mitatu, nyumbani wanasema alianguka kwenye mpira, kakandwa na kufungwa dawa lakini uvimbe unazidi na usiku halali. Kwenye picha, sehemu ya chini ya mfupa wa paja imeliwa, hapohapo kuna weupeweupe usio na mpangilio, huwezi kusema ugonjwa unaanzia hapa unaishia pale, na pembeni utando wa nje wa mfupa umenyanyuka. Mwenzangu mmoja akasema osteosarkoma (saratani inayotengeneza mfupa), mwingine Ewing (saratani nyingine ya mifupa ya watoto na vijana), mwingine osteomailaitisi, yaani usaha wa mfupa. Bingwa akatuambia wote mmetaja majina, hakuna aliyesoma picha, nendeni mkasome.

Sasa naomba kujua nyie mnaanzia wapi? Halafu hizi klasifikesheni, yaani njia za kuupanga uvimbe kwa makundi, za WHO, Lodwick, Enneking, ipi ni ya lazima? Na kwa nini hakuchukuliwa biopsi (kipande cha uvimbe cha kupima) siku ileile maana sisi wote tulitegemea hivyo?

Registra_Mifupa:

Marahaba mdogo wangu. Bingwa wenu kawasaidia sana hata kama iliuma. Jina linakuja mwisho kabisa, kabla yake kuna maswali ambayo ukiyajibu kwa utulivu majina yenyewe yanapungua mpaka mawili matatu.

Anza na umri kwa sababu ni wa bure na unakata mambo mengi. Mtoto chini ya miaka 5 mwenye mfupa ulioliwa, fikiria usaha, lukemia (saratani ya damu), na neuroblastoma (saratani ya neva ya watoto) iliyosambaa. Miaka 10 mpaka 20 hapo ndio osteosarkoma na Ewing zinapotamba. Kati ya 20 na 40, sahani za ukuaji zimeshafunga, ndio GCT, ule uvimbe wa seli kubwa, inaingia. Akishavuka 40, tundu lolote kwenye mfupa ni saratani iliyotoka kwingine au mayeloma (saratani ya uboho) mpaka uthibitishe sivyo. Osteosarkoma ina kilele cha pili uzeeni, mara nyingi kwenye mfupa wenye ugonjwa wa Paget (mfupa unajengwa upya ovyo) au uliowahi kupigwa mionzi.

Halafu mahali, na hapa usiseme tu "paja", sema mfupa gani na sehemu gani ya mfupa huo. Osteosarkoma inapenda metafisisi, pale mfupa unaporefuka kwa kasi, ndio maana karibu nusu ziko kuzunguka goti, chini ya paja na juu ya muundi, ikifuatiwa na juu ya mkono karibu na bega. Kwenye ncha yenyewe, epifisisi, kwa ambaye bado anakua fikiria kondroblastoma (uvimbe wa gegedu), kwa mtu mzima GCT iliyosogea mpaka chini ya gegedu la kiungo. Katikati ya shina la mfupa ni Ewing, limfoma (saratani ya mfumo wa limfu), mayeloma, fibrasi displezia (mfupa uliogeuka nyuzi). Sakramu, ule mfupa wa chini ya mgongo, ya mtu mzima usisahau kordoma, saratani ya mabaki ya uti wa awali wa kiinitete.

Kisha tazama mfupa umejibu nini. Utando wa nje ukipata muda unajenga ukuta mmoja imara. Ugonjwa ukienda kwa vipindi unapata matabaka ya kitunguu. Ukienda mbio kuliko mfupa unavyoweza kujenga, unapata miale ya jua au ile pembetatu ya Codman, na nadhani ndiyo mliyoiona nyie, utando umenyanyuliwa na umejengwa pembeni tu, katikati umeshavunjwa. Codman alikuwa daktari wa upasuaji Boston, miaka ya 1920 akaanzisha rejista ya sarkoma za mifupa, na kitu ambacho wanafunzi wengi hawaambiwi ni kwamba pembetatu hiyo sio alama ya kansa peke yake, hata usaha wa mfupa unaitoa. Na ukiichoma sindano yenyewe utatoa mfupa mpya wa kawaida, patholojisti atakuandikia hakuna uvimbe na mgonjwa ataambiwa mzima.

Mwisho matriksi, yaani uvimbe unatengeneza nini ndani yake. Weupe wa mawingumawingu ni osteoidi, yaani mfupa mchanga. Vipete na vitao vidogo ni gegedu. Ukungu sawasawa kama kioo cha bafuni ni fibrasi displezia.

Sasa rudi kwa kijana wenu. Miaka 15, metafisisi ya chini ya paja, mpaka haupo, mawingu yapo, utando umenyanyuka. Hapo osteosarkoma inakaa juu, usaha unabaki chini yake mpaka vipimo viutoe, Ewing inashuka maana yenyewe haitengenezi mfupa. Ile ya kuanguka mpirani isiwapotezee muda, kuanguka hakuleti uvimbe huu, kunafanya mtu aliangalie goti lake kwa mara ya kwanza.

picha_na_vivuli (rezidenti radiolojia):

Nakubaliana na registra karibu yote ila mimi sianzi na umri. Umri ukishauweka kichwani jicho linaanza kutafuta kile unachokitarajia. Mimi naanza na mpaka. Naziba fomu ya maombi kwa mkono naangalia picha tupu, najiuliza huu ugonjwa unakwenda taratibu au mbio? Ndio kazi ya Lodwick yote hiyo, haikuambii jina, inakuambia kasi.

Tundu lenye ukingo mweupe mwembamba kuzunguka lote, unaweza kulifuatisha kwa ncha ya penseli, huo ugonjwa umekaa muda mrefu na mfupa umepata nafasi ya kujizungushia ukuta, ni daraja la IA. Tundu lenye ukingo wazi ila bila ukuta mweupe ni IB, GCT nyingi ziko hapo. Ukingo wenye utata ni IC. Vitundu vingi vidogovidogo kama kitambaa kilicholiwa na nondo ni II, na pale mfupa unapopenyezwa mpaka huoni mwanzo wala mwisho ni III. Picha ya kijana wenu kwa maelezo yako haiko chini ya II. Umri, mahali na matriksi naviongeza baada ya hapo, na mara nyingi nafika kulekule anakofika registra, ila nikiwa nimeshajua kama nikimbie au nitembee.

Angalizo mbili muhimu. Ya kwanza, eksirei haioni mfupa unaoliwa mpaka madini yapungue kati ya asilimia 30 na 50, kwa hiyo picha safi kwa mtu mwenye maumivu ya usiku yasiyoisha haijamwachia huru, mpeleke MRI au mrudishe baada ya wiki chache. Uti wa mgongo ndio unadanganya zaidi, hesabu pediko (vishina viwili vya nyuma) za kila pingili kulia na kushoto, ile moja iliyopotea ndio habari yenyewe. Ya pili, agizeni mfupa MZIMA, kiungo cha juu na cha chini, mbele na ubavu. Osteosarkoma inaweza kuruka na kuacha kipande kingine juu kwenye mfupa uleule, na ukikata bila kujua umekata katikati ya ugonjwa. Kifua pia, sitiskani ya mapafu, maana ndiko inakokimbilia kwanza.

Slaidi_Nairobi:

Hamjambo. Mimi niko upande wa patholojia huku Nairobi na ningependa mwanafunzi asikie upande wetu pia, juu watu wengi wanafikiri hadubini ndiyo hakimu. Kwa mifupa sivyo. Mimi nikiletewa kichupa bila eksirei ninaipigia wodi simu, siandiki ripoti.

Sababu ni hii. Mfupa uliovunjika ukiwa unaunga, wiki ya pili au ya tatu, ukiutazama chini ya hadubini una seli nyingi zinazogawanyika na osteoidi changa kila mahali, mtu asiyejua kwamba kuna mvunjiko anaweza kuuita osteosarkoma. Vilevile maiositisi osifikansi, ile nyama inayogeuka mfupa baada ya kugongwa, katikati yake inatisha kabisa. Kinachookoa ni mpangilio, mfupa uliokomaa uko nje na mchanga uko ndani, na mpangilio huo unaonekana vizuri kwa picha kuliko kwa kipande cha sindano cha milimita chache.

Nyingine ni seli kubwa zenye viini vingi. Mwanafunzi akiziona anasema GCT. Lakini ziko pia kwenye sisti ya aneurizimu (vifuko vya damu ndani ya mfupa), kwenye kondroblastoma, kwenye osteosarkoma ya aina fulani, na kwenye uvimbe wa kahawia wa haipaparathairoidi (homoni ya parathairoidi ikizidi). Huo wa mwisho huwezi kuutofautisha kwa slaidi peke yake, unautofautisha kwa kupima kalsiamu na homoni ya parathairoidi kwa damu. Kipimo cha damu kinaweza kumwepusha mtu asikwanguliwe mfupa bure.

Kuhusu WHO, toleo la tano ni la 2020. Linapanga uvimbe kwa kile unachofanana nacho au unachotengeneza, gegedu, mfupa, nyuzi, mishipa, seli kubwa za kula mfupa, mabaki ya notokodi (uti wa awali wa kiinitete) na kadhalika, halafu kila kundi lina salama, la kati na la hatari. Hilo la kati shika vizuri, GCT na osteoblastoma (uvimbe unaotengeneza mfupa) ziko hapo, zinaharibu mahali zilipo na kurudi baada ya upasuaji lakini kusambaa ni nadra. Ewing imehamishiwa kwa familia ya sarkoma za seli ndogo za duara. Jeni siku hizi zinaulizwa kwa mtihani pia, EWSR1 kuungana na FLI1 kwa Ewing, H3F3A kwa GCT, H3F3B kwa kondroblastoma, IDH kwa uvimbe wa gegedu, GNAS kwa fibrasi displezia, USP6 kwa sisti ya aneurizimu.

Na tafadhali wekeni kipande kwa fomalini ya asilimia 10 mara moja. Mfupa mgumu unalainishwa kwa asidi kabla ya kukatwa, na asidi kali inaua DNA, kwa hiyo tukijua mapema kwamba kuna swali la jeni tunatenga kipande laini kisichopita kwa asidi au tunatumia EDTA, kilainishi kisicho kikali, polepole. Ripoti itachelewa. Msitusukume.

md4_dar:

Asanteni sana sana, yaani nimeelewa kuliko semina nzima. Swali la biopsi bado. Na jingine, vitabu vyetu vinaiweka Ewing namba mbili kwa watoto lakini tangu nianze wodi sijasikia ikitajwa kwa mgonjwa hata mmoja, ni kweli ipo?

daktari_watoto_Ziwa:

Ipo ila kwa watu wenye asili ya Afrika ni nadra mno, na sio kwamba vipimo vyetu haviioni, hata Marekani watoto weusi wanaipata mara chache sana kuliko weupe. Vitabu vimeandikwa kwa wagonjwa wa kule kwa hiyo ule mpangilio wa namba moja namba mbili usiuhamishie wodini kwako bila kuupima. Usiifute kabisa, lakini kabla hujaitaja hakikisha umemalizana na mambo matatu ambayo sisi huku Kanda ya Ziwa tunayaona mara nyingi zaidi.

La kwanza ni usaha wa mfupa. Homa, ESR (kipimo cha damu cha uambukizo) juu, seli nyeupe juu, utando wa matabaka, yote hayo Ewing inayo pia. Hata ukipasua unaweza kutoa kitu kinachofanana na usaha kabisa kumbe ni uvimbe uliooza. Kwa hiyo kanuni ni moja, ukichukua cha kalcha (kuotesha vijidudu) peleka na patholojia, ukichukua cha patholojia peleka na kalcha, siku zote, bila kujali macho yako yamekuambia nini. TB iwe ndani ya orodha hiyo, hasa uti wa mgongo.

La pili ni sikoseli. Mtoto wa sikoseli mfupa wake ukikosa damu unauma, unavimba, unanyanyua utando wa nje, na picha inatisha wazazi na madaktari. Bado anaweza kuwa na usaha kweli, na kwake Salmonella ni mshukiwa mkubwa. Uliza sikoseli kabla hujauliza kitu kingine, pima kama haijulikani.

La tatu ni taya. Mtoto wa miaka mitano au sita ameletwa taya limevimba, meno yanalegea na kuelea, mama anasema limekua ndani ya wiki chache tu. Hiyo ni limfoma ya Burkitt mpaka itoke. Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, kwa watoto wa ukanda huuhuu wetu wenye malaria nyingi, na inakua haraka kuliko karibu uvimbe wowote wa binadamu. Haikatwi, inatibiwa kwa dawa na inaitikia vizuri sana ikiwahiwa, kwa hiyo mtoto huyu hasubiri kliniki ya wiki ijayo, anapata biopsi na vipimo leo na dawa mara jibu likitoka. Mtu mzima mwenye taya lililovimba taratibu kwa miaka ni habari nyingine, hapo fikiria ameloblastoma, uvimbe wa taya unaotokana na tishu za meno, ambayo kwetu Afrika ni ya kawaida sana.

Registra_Mifupa:

Nimerudi kwa swali la biopsi maana hili ndilo linalonikosesha usingizi. Biopsi ni upasuaji wa kwanza wa saratani. Njia ya sindano au kisu chako inahesabika imechafuka kwa seli za uvimbe, kwa hiyo bingwa atakayefanya upasuaji mkubwa lazima aitoe njia hiyo yote pamoja na uvimbe. Mtu akikata mkato wa kulala juu ya goti, hakuna namna ya kuutoa bila kupoteza ngozi nzima ya pale. Ukikata kwa urefu wa kiungo, ndani ya msuli mmoja, mbali na mshipa na neva, mguu bado unaweza kuokolewa. Damu ikivuja ndani inabeba seli, ndio maana tunahakikisha imekauka kabisa, na drein (mrija wa kutoa damu) ikihitajika itoke kwenye mstari uleule wa kidonda, isitobolewe pembeni.

Mankin na wenzake kule Marekani walichapisha mwaka 1982 tathmini ya wagonjwa 329, asilimia 4.5 walikatwa kiungo kisichostahili kukatwa kwa sababu tu ya biopsi iliyofanywa vibaya, na matatizo yalikuwa mengi zaidi pale biopsi ilipofanywa kwenye hospitali zilizowapeleka wagonjwa kuliko kwenye kituo cha matibabu. Walirudia mwaka 1996 kwa wagonjwa 597 na hali haikuwa imebadilika sana. Mimi nimeshapokea mgonjwa aliyepasuliwa kwingine akidhaniwa ana jipu, kidonda cha kulala, drein upande wa pili wa paja, hatukuwa na la kufanya zaidi ya kukata mguu, na alikuwa na umri kama wa huyo kijana wenu.

Kwa hiyo mpangilio ni eksirei, MRI ya mfupa mzima, sitiskani ya kifua, damu pamoja na vimeng'enya vya ALP na LDH, halafu biopsi, na ifanywe na timu itakayomaliza kazi au kwa maelekezo yao. MRI inatangulia kwa sababu biopsi ikitangulia damu na maji ya kidonda yanaharibu picha, huwezi tena kujua uvimbe uliishia wapi. Kama uko hospitali ya wilaya na huna hivyo vyote, kazi yako nzuri kuliko zote ni kufunga kiungo kisivunjike, kuandika rufaa na kupiga simu. Usichome. Osteosarkoma ikifika haijasambaa anapewa kemo (dawa za saratani) kwanza, kisha upasuaji, kisha kemo tena, na matokeo hayafanani kabisa na ya zamani za kukata tu, zaidi ya nusu wanapona pale tiba yote inapopatikana.

Enneking sasa utaielewa vizuri zaidi. Ni ya daktari wa upasuaji, inauliza ukali wa seli, kama uvimbe bado uko ndani ya chumba chake au umetoka, na kama umesambaa. IA, IB, IIA, IIB, III. Osteosarkoma nyingi tunazipokea zikiwa IIB, zimeshatoboa gamba la mfupa na kuingia nyama. Hivyo Lodwick ni kasi, WHO ni aina, Enneking ni unakata wapi, kila moja ina swali lake, jifunze zote tatu.

wodi_ya_wazee:

Mmesahau watu wazima jamani na ndio wengi. Bibi wa miaka 60 kavunjika mkono wakati anakamua nguo, picha inaonyesha tundu pale palipovunjika, haraka haraka watu wanataka kuweka chuma. Simameni kwanza. Mpime matiti kwa mkono, shingo papasa thairoidi, kama ni mwanaume tezi dume na PSA (kipimo chake cha damu), kisha kalsiamu, kreatinini ya figo, elektroforesisi ya protini kutafuta mayeloma, na sitiskani ya kifua na tumbo. Saratani iliyotoka tezi dume huwa nyeupe kwenye picha, ya figo na thairoidi hula mfupa na kutoa damu nyingi mno mezani hivyo muandae damu. Mayeloma, boni skani (skani ya mifupa) inaikosa mara nyingi, usiridhike nayo.

Na kama tundu ni moja tu na hakuna saratani inayojulikana, chuma hakiingii mpaka jibu la biopsi lirudi. Ikija kuwa ni kondrosarkoma (saratani ya gegedu) umeshaisukuma kwenye uboho wote kuanzia begani hadi kiwiko, na yenyewe kemo na mionzi haviifanyi kitu cha maana, tumaini lake lilikuwa kisu safi cha mara ya kwanza.

md4_dar:

Nimewaelewa wakuu. Hiyo ya bibi, kama maumivu ni makali na anasubiri jibu, afanyiwe nini kwa wakati huo?

wodi_ya_wazee:

Mfunge mkono usitikisike, mpe mofini ya kunywa kwa saa na sio mpaka aombe, ukimuanzishia na laksativu (dawa ya kulainisha choo), na kalsiamu ikiwa juu mpe maji ya dripu ya kutosha leoleo maana hiyo inaweza kumuondoa kabla ya uvimbe wenyewe.